Ekari Zako Zimepunguzwa Kwenye Daftari la Ruzuku? Namna ya Kudai Haki Yako

Ndugu mkulima, leo tutaacha kidogo habari za nafasi za kupandia na dawa za viwavi. Tutazungumza juu ya karatasi. Najua wengi wetu hatuzipendi habari za karatasi, maana jembe halina mhuri. Lakini siku hizi mfuko wa mbolea ya ruzuku hautoki dukani mpaka jina lako na ekari zako ziwe zimeandikwa sawasawa. Kosa la tarakimu moja katika daftari la kijiji laweza kukunyima mbolea ya kukuzia wakati mahindi yamefika magotini. Kwa hiyo hebu tuelewane vizuri: ekari zako huandikwaje, kosa hutoka wapi, na ukiona umekosewa uende kwa nani, na uende na nini mkononi.

RUZUKU HUFUATA EKARI

Wengi mtakumbuka mpango wa vocha za pembejeo ulioanza kuenea nchini mwaka 2008/09 na kuendelea mpaka 2013/14. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia, na moja ya mbegu. Zilitosha ekari moja ya mahindi au mpunga. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, na nusu iliyobaki mkulima alijitolea mfukoni. Mashariti yake yalikuwa wazi. Mkulima awe mkazi wa kijiji, awe tayari kufuata ushauri wa bwana shamba, aweze kuongeza fedha yake, na mahindi au mpunga anaolima usizidi hekta moja. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, iliyochaguliwa na mkutano mkuu, wanaume na wanawake sawa kwa idadi.

Angalia hilo sharti la hekta moja. Hekta moja ni ekari 2.47. Aliyeandikwa ekari 2 aliingia, aliyeandikwa ekari 3 akatolewa. Kwa hiyo wakati ule mkulima aliyeandikiwa shamba KUBWA kuliko alilolima ndiye aliyeumia.

Mambo yakaja kubadilika. Mwezi Agosti 2022, baada ya bei ya mbolea kupanda duniani kote, serikali ilianzisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima walioandikishwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa urea, ambao bei yake ilikuwa imevuka shilingi 120,000, uliuzwa kwa shilingi 70,000 katika msimu wa 2022/23. Mkulima anaandikishwa katika ofisi ya kijiji au mtaa wake: jina, namba ya simu, kitambulisho, mahali shamba lilipo, ukubwa wa shamba na zao analolima. Anapata namba yake ya usajili. Akienda kwa wakala, wakala anaingiza namba ile katika mtambo wake na kuona huyu anastahili nini. Msimamizi wa mpango huu ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania.

Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Katika utaratibu huu, kiasi cha mbolea hufuata ukubwa wa shamba ulioandikwa. Anayeandikiwa shamba DOGO kuliko analolima ndiye anayeumia.

Tupige hesabu kidogo. Kwa mahindi, kipimo kilichozoeleka ni mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia kwa kila ekari. Mkulima wa ekari 3 anahitaji mifuko 6. Kama daftari linasema ana ekari 1, atapata mifuko 2. Mifuko 4 iliyobaki ataitafuta kwa bei ya soko. Kwa bei zile za 2022, tofauti ni shilingi 50,000 au zaidi kwa kila mfuko, yaani zaidi ya shilingi 200,000 kwa msimu mmoja. Asiyekuwa nazo atafanya jambo moja tunalolijua sote: mbolea ya ekari moja ataitawanya juu ya ekari tatu, na ekari zote tatu zitabaki na njaa.

KOSA HUTOKA WAPI

Usikimbilie kusema mtendaji amekuonea. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa huanzia mahali pengine. Nitakutajia manne.

La kwanza ni hatua. Tumezoea kusema ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si kibaya, ila kina asili yake. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Ukichukua yadi 70 mara yadi 70 unapata 4,900, ni karibu sana. Kwa hiyo "hatua 70" maana yake ni hatua za yadi moja moja, yaani sentimeta 91. Hiyo ni hatua ndefu! Mtu wa kawaida akitembea bila kujitutumua hatua yake ni sentimeta 75 au 80. Chukua hatua ya sentimeta 80. Hatua 70 zitakuwa mita 56. Mita 56 mara mita 56 ni mita za mraba 3,136. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047. Basi "ekari" yake ni kama robo tatu ya ekari tu. Akisema ana ekari 3, kwa kweli ana ekari 2.3. Wakati wa vocha mtu huyu angetolewa kwenye orodha kwa sababu ya hatua zake mwenyewe, na hali shamba lake lilikuwa chini ya hekta moja. Kwa upande wa pili, wapo wanaopima mita 70 kwa mita 70 wakidhani ndiyo ekari. Hiyo ni mita za mraba 4,900, yaani ekari 1.2. Huyu akisema ana ekari 5, kumbe ana 6, na amejipunja mwenyewe.

La pili ni kuchanganya shamba unalomiliki na shamba unalolima. Babu alikuachia ekari 8, lakini mwaka huu umelima 3, tano ni pori au umezipumzisha. Mbolea ya ruzuku ni ya ardhi inayolimwa. Ukiulizwa "una ekari ngapi?" swali lenyewe lina maana mbili. Mwandishi huandika alichosikia, na mwaka ujao mwingine akiandika tofauti, unaonekana kigeugeu.

La tatu ni mashamba mengi. Mkulima wa kwetu mara nyingi ana kipande bondeni, kipande mlimani, na kingine kijiji cha jirani kwa wakwe. Kipande kimoja kinaandikwa, viwili vinasahauliwa. Au vile viwili vimeandikwa kwa jina la mtoto aliyehamia mjini, na namba ya simu ni yake pia, hivyo ujumbe wa mbolea unasomwa Dar es Salaam na mama yuko Rukwa anasubiri.

La nne ni taarifa za zamani. Taarifa zinatakiwa kuhuishwa. Aliyeandikishwa mwaka wa kwanza kwa ekari 2, halafu akafungua ekari 2 nyingine, asipokwenda ofisini kubadilisha ataendelea kuwa mtu wa ekari 2. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

PIMA SHAMBA MWENYEWE KWANZA

Kabla hujaenda kulalamika, ujue ukweli wako. Mtu anayelalamika bila kipimo ni rahisi kumrudisha nyumbani.

Kipimo cha maskini ni kamba. Tafuta kamba ya katani au ya nailoni isiyonyumbuka, ipime kwa futi ya fundi seremala, funga fundo kila mita 10 mpaka mita 50. Mtu mmoja ashike huku, mwingine kule, wa tatu aandike. Usimwachie kichwa kazi ya kuandika.

Kama huna kamba na unataka kutumia miguu, basi ijue hatua yako. Pima mita 100 barabarani, tembea mwendo wako wa kila siku, hesabu. Ukipata hatua 125, hatua yako ni sentimeta 80, na ekari yako wewe ni hatua 80 kwa 80, si 70. Mwenzako mrefu atakuwa na hesabu yake. Hii ndiyo sababu mume na mke wakipima shamba moja hupata majibu mawili na wote wawili hawasemi uwongo.

Mashamba mengi si ya mraba. Usihofu. Ligawe shamba katika maumbo unayoyajua. Tuseme lina sehemu ya mstatili yenye mita 120 kwa mita 70, halafu upande mmoja kuna pembetatu inayoishia mtoni. Kitako cha pembetatu ni mita 70, na kimo chake mita 60. Mstatili: 120 mara 70 ni 8,400. Pembetatu: 70 mara 60, gawa kwa mbili, ni 2,100. Jumla mita za mraba 10,500. Gawa kwa 4,047, unapata karibu ekari 2.6. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mpe kalamu akusaidie.

Wakulima wa milimani, mathalani Usambara na Uluguru, mna jambo lenu la ziada. Kamba iliyolala juu ya mteremko inatoa urefu mkubwa kuliko ramani, kwa sababu ramani inahesabu ardhi kana kwamba imelala tambarare. Kwenye mteremko mkali kiasi, mita 100 za kamba zinaweza kuwa mita 95 tu za ramani. Afisa akija na kipimo cha setilaiti akapata pungufu kidogo kuliko wewe, huenda nyote mko sawa. Ili mlingane, vuta kamba ikae usawa hewani, vipande vifupi vifupi, kama ngazi.

Na simu je? Siku hizi simu nyingi zaweza kupima shamba ukilizunguka kwa miguu. Ni msaada mkubwa, hasa kwa shamba kubwa lenye kona nyingi. Ila kwa shamba dogo uwe mwangalifu. Chini ya miembe au migomba simu hupotea kwa mita chache. Katika shamba la ekari moja, kosa la mita 3 upande mmoja ni karibu mita za mraba 190, kama sehemu 5 katika mia. Zunguka mara tatu, chukua jibu la katikati.

Baada ya kupima, chora. Weka mchoro kwenye karatasi: mto uko wapi, barabara iko wapi, nani ni jirani upande wa mashariki, nani magharibi. Toa nyumba, toa makaburi, toa mawe pasipolimika. Kichuguu kimoja hakina haja ya kukipima, lakini eneo zima la miamba lisiingie katika ekari za mahindi. Halafu waite majirani wawili mnaopakana waweke saini au dole gumba chini ya mchoro. Karatasi hiyo haina gharama, na ni shahidi mzuri.

MILANGO MIWILI, USIICHANGANYE

Hapa ndipo wengi wanapopoteza msimu mzima. Kuna malalamiko ya aina mbili, na kila moja ina mlango wake.

Kama swali ni "shamba hili ni la nani?" huo ni mgogoro wa ardhi. Mathalani mjane amelima miaka kumi, leo shemeji amekwenda kujiandikisha yeye kwa shamba lile lile. Huo mtendaji hawezi kuumaliza kwa kufuta jina na kuandika jina. Kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Liko pia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi hukumu tena katika mashauri ya ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na ndugu zangu akina mama, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Msikubali kuambiwa kwamba kujiandikisha ni kazi ya wanaume.

Lakini kama swali ni "shamba ni langu, hakuna anayebisha, ila ekari zilizoandikwa si sahihi," au "zao lililoandikwa silo," au "jina langu limeachwa," huo si mgogoro wa ardhi. Hayo ni malalamiko ya uandikishaji. Usiyapeleke barazani. Yakienda barazani yatakaa miezi, na mvua haina subira. Mlango wake ni ofisi ya kijiji, na kutoka hapo panda ngazi kama tutakavyoeleza.

Kwa anayelima shamba la kukodi, nasaha yangu ni hii: andikeni makubaliano, hata kama mwenye shamba ni mjomba wako. Ekari ngapi, msimu gani, kwa kiasi gani cha fedha au magunia, mashahidi wawili, na nakala kwa mtendaji. Mkikaa kimya nyote wawili mtaandikisha shamba moja, na shamba moja kuandikwa mara mbili ni jambo linaloweza kuwatia matatani nyote.

NAMNA YA KUPELEKA MALALAMIKO

Kwanza, nenda ukaione taarifa yako. Usingojee mpaka uko mbele ya duka la wakala. Kwa ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaopanda Novemba na Desemba, nendeni Julai mpaka Septemba. Wa vuli na wa masika nanyi tangulieni miezi mitatu. Mwombe mtendaji akusomee: jina, namba, ekari, zao, kijiji kilipo shamba. Nakili katika daftari lako.

Pili, ukiona kosa sema hapo hapo kwa upole. Makosa mengi hurekebishwa siku hiyo hiyo. Mtendaji naye ana kaya mia kadhaa, na huenda aliandika usiku kwa mwanga wa tochi.

Tatu, asipoweza au asipotaka, andika. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Barua isiwe ndefu, wala isiwe ya matusi. Mfano ni huu:

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji cha ..................
Tarehe ..................
Yahusu: Kurekebisha ukubwa wa shamba katika uandikishaji wa ruzuku ya mbolea
Mimi .................., mkazi wa kitongoji cha .................., namba ya usajili .................., nimeandikwa kuwa nalima ekari 1 ya mahindi. Shamba langu lililoko .................. nimelipima tarehe .................. mbele ya majirani wawili na kupata ekari 2.6. Naomba taarifa irekebishwe, au afisa ugani afike kupima tukiwa pamoja, kabla ya tarehe ...................
Nimeambatisha: mchoro wa shamba uliosainiwa na majirani, nakala ya hati ya hakimiliki ya kimila (kama ipo).
Saini ..................
Nakala: Afisa Ugani wa Kata

Andika barua mbili zinazofanana. Moja iache ofisini, ya pili igongwe mhuri au iandikwe "imepokelewa" na tarehe, urudi nayo nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo bunduki yako. Mkubwa wa ngazi ya juu atakuuliza kwanza, "Ulianzia wapi?" Nawe utamwonyesha.

Nne, bwana shamba au bibi shamba akija kupima, uwepo. Tembea naye mpaka mwisho wa shamba. Mkipata tofauti, muombe aandike kipimo chake na sababu: ametoa nini, amepima vipi. Usiridhike na "ndivyo ilivyo."

Tano, usipojibiwa, panda. Baada ya kijiji ni kata, kwa afisa ugani na mtendaji wa kata. Baada ya kata ni halmashauri ya wilaya, katika idara ya kilimo, na barua iende kwa Mkurugenzi. Kama tatizo ni la mtambo au la wakala, mathalani wakala anakataa kukuuzia na hali namba yako iko sawa, au anataka bei zaidi ya ile iliyotangazwa, wanaohusika ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na halmashauri itakuelekeza namna ya kuwafikia.

Sita, usisahau mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa, mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Ombeni orodha isomwe hadharani. Jina la marehemu likitajwa, watu watacheka na litafutwa. Mwenye ekari 2 akisomwa ana 20, watu watageuka kumtazama. Wakati wa vocha palitokea visa vya vocha kusainiwa na watu mbolea wasiione, na vijiji vilivyosoma orodha mbele ya wote vilikuwa na nafasi nzuri ya kuvigundua mapema.

WENZETU WANAFANYAJE?

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya nao waliandikisha wakulima kupitia kwa machifu na manaibu wao. Mkulima hupata ujumbe kwa simu unaomweleza mifuko anayostahili kulingana na ekari alizoandikisha. Mfuko uliuzwa shilingi za Kenya 3,500 kuanzia Septemba 2022, ukashushwa hadi 2,500 mwaka 2023. Ugomvi wao ni uleule: aliyeandikwa ekari chache hupata mifuko michache, na asiyepata ujumbe hubaki kungoja.

Huko Ulaya wakulima hulipwa fedha taslimu kwa kila hekta inayostahili, na kila kipande cha ardhi kimechorwa kwa picha za angani. Anayechora hukata nyumba, barabara, vichaka na majabali. Mkulima akidai zaidi ya kilichopimwa, anaadhibiwa. Kwa kanuni zilizotumika kabla ya mabadiliko ya 2016, tofauti ikizidi sehemu 3 katika mia au hekta 2, lakini isivuke sehemu 20 katika mia, ilikatwa mara mbili. Aliyedai hekta 20 zikapatikana 18 hakulipwa kwa 18, alilipwa kwa 14. Tofauti ikivuka sehemu 20 katika mia hakulipwa kitu. Mwaka 2016 ndipo adhabu ikapunguzwa kuwa mara moja na nusu.

Kwa ukali huo, ilibidi wawe na njia ya rufani. Nchi ya Ireland ilipitisha sheria mwaka 2001, na ofisi ya rufani za kilimo ikaanza kazi 2002. Mkulima alipewa miezi mitatu tangu kupata uamuzi kuandika rufani, bila kulipa ada. Angeweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana, na jibu lilikuja kwa maandishi pamoja na sababu zake. Ramani zilipokaguliwa upya mwaka 2013 na wengi wakajikuta wamekatwa, iliundwa kamati maalumu ya kusikiliza rufani za ramani tu.

Tujifunze nini hapo? Wakulima wale hawakushinda kwa kupiga kelele. Walioweza kurekebishiwa ni wale waliopeleka picha za shamba, ramani, na ushahidi kwamba kichaka kilichokatwa kwenye picha kilikwisha fyekwa. Sisi hapa hatuna ofisi ya namna ile ya rufani za ruzuku. Ngazi zetu ni zile nilizokutajia. Lakini mchoro, majirani wawili na barua yenye tarehe vinafanya kazi ile ile.

USIONGEZE EKARI

Sasa neno gumu kidogo. Wapo watakaosikia mazungumzo haya na kusema, "Kumbe ekari ndizo mbolea! Basi nitaandika 10." Ndugu yangu, usifanye hivyo. Fedha ya ruzuku ina mwisho wake. Mfuko unaouchukua kwa ekari usiyolima ni mfuko wa jirani yako. Ukiuuza kwa magendo, unauza fedha ya umma. Isitoshe, siku utakapokuwa na malalamiko ya kweli, nani atakusadiki? Na uongo wa ekari ni rahisi kuufumania, maana shamba halifichiki.

Nasi mabwana shamba tunayo sehemu yetu. Afisa ugani anayepima kwa macho akiwa juu ya pikipiki anajitafutia malalamiko. Tembelea shamba, pima, andika, mpe mkulima nakala. Nusu saa hiyo itakuokolea siku tatu za ugomvi ofisini.

YA KUKUMBUKA

Tufupishe, ili upate kumsomea na jirani asiyesoma.

Moja: ijue ekari yako kwa kamba, au ijue hatua yako. Ekari ni mita za mraba 4,047. Hekta ni ekari 2.47.

Mbili: tenganisha shamba unalomiliki na shamba unalolima msimu huu.

Tatu: angalia taarifa yako miezi mitatu kabla ya kupanda, na uihuishe kila inapotakiwa.

Nne: mgogoro wa nani mwenye shamba unakwenda barazani, kosa la ekari linakwenda ofisi ya kijiji, halafu kata, halafu halmashauri.

Tano: andika barua mbili, baki na moja yenye mhuri.

Sita: orodha isomwe katika mkutano mkuu.

Kama mna kikundi cha kusikiliza na kusoma pamoja, basi juma hili msiishie kwenye kusoma. Tafuteni kamba moja ya kikundi, ifungeni mafundo ya mita 10, mpime shamba la mwanachama mmoja kila Jumamosi mpaka mmalize. Anzeni na la mjane au la mzee asiye na wa kumsaidia. Katika mazungumzo yajayo tutarudi shambani na kuangalia namna ya kuiweka mbolea yenyewe: umbali gani kutoka kwenye shina, na kwa nini urea ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa huruka hewani na fedha yako. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema.